Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: historia ya Git iachwe ilivyo au isafishwe?

Kila timu ya waandishi wa programu niliyofanya nayo kazi imewahi kukwama hapa. Git ni programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko ya msimbo, na kila hatua iliyohifadhiwa pamoja na ujumbe wake ndiyo komiti. Mmoja anataka kila komiti ibaki kama ilivyozaliwa, pamoja na makosa yake. Mwingine anataka historia iliyopangwa, mtu akiisoma aelewe. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na vijana ninaowakagulia kazi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kazi iliyo kwenye mashine yako peke yako ni rasimu, isafishe utakavyo, ikishafika kwa wenzako ni kumbukumbu ya wote, iache. Shida ni kwamba mpaka huo hauonekani vizuri kila siku.

## Kusafisha historia ni kufanya nini hasa?

Chukua tawi (mfululizo wa komiti wenye jina lake) la kawaida la kazi ya siku mbili. Ukiandika `git log --oneline` unakuta hivi:

```
9f31c2a rekebisha tena
41be07d rekebisha
c80d5e6 tarehe ya marejesho
77a1f90 ukokotoaji wa riba
2d4e8b3 naendelea
```

Komiti tano, lakini kazi yenyewe ni mambo mawili: umebadili ukokotoaji wa riba ya mkopo, na umerekebisha namna tarehe ya marejesho inavyosomwa. Kusafisha ni kuzipanga upya komiti hizo zibaki mbili, kila moja na jambo lake na ujumbe unaojieleza.

Chombo chake ni `git rebase -i`; kuandika komiti upya namna hii, au kuzihamishia juu ya msingi mpya, ndiko tunakokuita ribesi. Kinakufungulia orodha ya komiti kwenye kihariri, nawe unaamua: `pick` iachwe, `reword` ujumbe uandikwe upya, `fixup` au `squash` ikunjwe ndani ya ile iliyo juu yake, `drop` itupwe. Angalia jambo moja: orodha hiyo inaanza na komiti ya zamani juu, kinyume cha `git log`. Nimeona watu wengi wakikunja komiti isiyo yenyewe kwa sababu hiyo tu.

Ukiwa na mazoea ya kuandika `git commit --fixup` na kuitajia komiti unayoirekebisha, kisha `git rebase -i --autosquash`, Git inakupangia orodha yenyewe.

## Komiti ya zamani inahaririwa, au inaandikwa nyingine?

Inaandikwa nyingine. Komiti imebeba vitu vichache: hali ya mafaili yote wakati huo, komiti iliyoitangulia, mwandishi na muda wake, aliyeiingiza na muda wake, na ujumbe. Vyote vinapitishwa kwenye hesabu ya SHA-1 na kutoa hashi ya herufi na tarakimu 40, na hilo ndilo jina la komiti. Ukibadili nukta moja kwenye ujumbe, hashi inabadilika. Na kwa kuwa komiti inayofuata imebeba hashi ya mzazi wake, nayo inabadilika, na ya baada yake vilevile, hadi kileleni mwa tawi.

Kwa hiyo Git inajenga mlolongo mpya pembeni, kisha inalihamisha jina la tawi lielekee huko. Mlolongo wa zamani unabaki kwenye mashine yako, bila jina. Ukilielewa hili, hofu nyingi za ribesi zinaisha, na hatari ya kweli inaonekana: mwenzako aliyekwisha kuvuta mlolongo wa zamani kutoka kwenye seva hana habari kwamba wewe umehama. Akivuta tena, Git inaona njia mbili zilizoachana, na zikiunganishwa, mabadiliko yaleyale yanatokea mara mbili kwenye historia chini ya majina tofauti.

Ribesi hutunza muda wa mwandishi lakini hubadili muda wa aliyeiingiza; ukitaka kuviona vyote viwili tumia `git log --format=fuller`. Na kama komiti ilitiwa sahihi ya kidijitali, sahihi ile haihamii kwenye komiti mpya. Itabidi itiwe upya.

## Kwa nini tusiache tu kila kitu kama kilivyotokea?

Kwa sababu ya siku ile utakayotafuta hitilafu imeingia lini. `git bisect` inaigawa historia nusu kwa nusu: unaiambia komiti hii ni nzima, hii imeharibika, nayo inakupeleka katikati ujaribu. Kwenye komiti 1,000 unahitaji majaribio kama 10 tu. Ukiipa hati ya majaribio kwa `git bisect run`, inaendelea yenyewe wewe ukinywa chai.

Lakini popote inapokupeleka, programu lazima ijengeke. Ukiangukia komiti ya "naendelea" isiyojengeka, unalazimika kuandika `git bisect skip`. Komiti za kuruka zikirundikana karibu na kosa, Git inaishia kukwambia kosa liko katika mojawapo ya komiti hizi sita, na hapo umerudi kusoma kwa macho. Hii ndiyo sababu wasimamizi wa Linux wanataka kila kiraka (badiliko moja linalotumwa likaguliwe) katika mfululizo kijengeke na kifanye kazi chenyewe, si cha mwisho peke yake.

Kuna na mkaguzi pia. Mtu anayepitia kazi yako komiti kwa komiti hapaswi kukagua mistari 60 saa tatu asubuhi, halafu akute umeifuta yote kwenye komiti inayofuata.

## Wapo wanaosema kusafisha ni kudanganya. Wana hoja?

Wanayo, na si watu wa kupuuzwa. D. Richard Hipp, aliyeandika hifadhidata ya SQLite, alitengeneza mfumo wake wa kutunza matoleo unaoitwa Fossil, na SQLite ilihamia huko mwaka 2009 ikitoka CVS, mfumo wa zamani wa kazi hiyohiyo. Fossil haina ribesi, kwa makusudi. Ukikosea ujumbe unaweza kuurekebisha, lakini rekebisho linaingia kama rekodi mpya juu ya ile ya awali, na ya awali haiondoki.

Wanasema ribesi inapoteza taarifa, kwa kuwa inafuta mahali kazi ilipoanzia. Wanasema inazalisha hali za programu ambazo hazikuwahi kuwepo. Na wanasema kama historia imejaa vurugu, itengenezwe namna ya kuionyesha, historia yenyewe iachwe.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Umeandika komiti tano juu ya tawi kuu la Jumatatu, ukazijaribu zote. Ijumaa unafanya ribesi juu ya tawi kuu la Ijumaa. Sasa una komiti tano mpya, na uliyoijaribu ni ya mwisho tu. Nne zilizo chini yake hakuna mtu duniani aliyewahi kuziendesha. Nyaraka za Linux zenyewe zinawaonya wasimamizi kuhusu hili: mfululizo uliohamishiwa msingi mpya muda mfupi kabla ya kuombewa kuingia una uwezekano mdogo wa kuwa umejaribiwa vya kutosha, na uwezekano mdogo wa kupokelewa. Dawa ninayoitumia ni `git rebase --exec "make test" main`, inayoendesha majaribio baada ya kila komiti na kusimama pale yanapofeli. Inachukua muda. Naufidia muda huo kwa kutofanya ribesi pasipo na sababu.

Ninapoachana nao ni kwenye neno "kudanganya". Nikihifadhi kazi saa kumi jioni kwa sababu wingu limetanda na umeme uko mbioni kukatika, ile komiti si tamko langu kwa timu. Najilinda tu. Sidaiwi na mtu kuitunza miaka kumi.

## Mpaka kati ya kazi yangu na kazi ya wote uko wapi?

Mwaka 2009 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux na Git, aliwaeleza wasimamizi wa Linux kanuni ambayo bado inafuatwa: mtu anaweza, na pengine anapaswa, kusafisha kazi yake mwenyewe, lakini asiiguse kamwe ya wengine, na iliyokwisha kutoka nje imetoka. Mercurial, mfumo ulioanza Aprili 2005 mwezi mmoja na Git, umeuweka mpaka huu ndani ya programu yenyewe tangu toleo la 2.1 la mwaka 2012. Komiti huwa ya siri, rasimu au ya umma. Ukisukuma, yaani ukituma komiti zako, kwenye seva ya kawaida, rasimu inageuka ya umma, na amri za kuandika historia upya zinakataa kuigusa. Natamani Git ingekuwa na kinga kama hiyo. Kwetu mpaka unalindwa na mazungumzo ya watu.

Penye utata ni tawi lako ulilolisukuma ili likaguliwe. Liko nje, lakini ni lako. Timu zetu tumezoea hivi: tawi lenye jina lako ni lako hadi mtu mwingine aweke komiti juu yake au aanzishe tawi kutoka humo. Kuanzia hapo unamuuliza kwanza. Na ukaguzi ukishaanza, nawaomba watu waongeze komiti za marekebisho bila kukunja, kisha wakunje mara moja mwishoni, kwa sababu mkaguzi anahitaji kuona kilichobadilika tangu aliposoma mara ya mwisho. Kama umeshakunja, muoneshe `git range-diff`, iliyoingia Git 2.19 mwaka 2018. Inalinganisha mfululizo wa zamani na mpya, komiti kwa komiti.

## Nimesukuma kwa nguvu na kazi ya mwenzangu imepotea. Nifanyeje?

Kwanza mwambie sasa hivi, na mwombe asivute chochote. Kazi karibu hakika bado ipo kwenye mashine yake.

Nalijua hili kwa sababu nilishalifanya. Mwaka wangu wa pili kazini nilisukuma `--force` kwenye tawi tulilokuwa tunashirikiana wawili, nikidhani niko kwenye langu. Baada ya dakika kumi simu ikaita: "Kaka, umegusa tawi la ripoti?" Komiti zake za siku mbili hazikuwepo tena kwenye seva. Nikamfuata mezani kwake, tukafungua `git reflog`, na zilikuwepo zote, zimepangwa mstari kwa mstari, kila mahali kichwa cha tawi kilipowahi kusimama. Tukachukua hashi ya mwisho, tukaandika `git branch okoa` na hashi ile, tukasukuma upya. Dakika tano. Yeye alikaa kimya muda wote huo, na ukimya ule sijausahau.

Reflog haisafiri kwenda kwenye seva. Kila mashine ina yake. Kwa kawaida huweka rekodi siku 90, na zile ambazo hazifikiki tena kutoka kwenye tawi huwekwa siku 30. Kwa hiyo usingoje mwezi upite.

Tangu siku ile situmii `--force` tupu. Natumia `--force-with-lease`, inayokataa kusukuma kama tawi la kwenye seva limesogea tofauti na ulivyoliona mara ya mwisho. Ina udhaifu mmoja: ukiwa na kihariri kinachofanya `git fetch` (kuchukua mapya kutoka kwenye seva) chenyewe nyuma ya pazia, Git inadhani umeshaiona kazi ya mwenzako hata kama hujaisoma, na inakuruhusu. Tawi kuu lifungwe kwenye seva lisikubali kusukumwa kwa nguvu na mtu yeyote, wakiwemo viongozi wa timu.

## Tukiunganisha tawi, tuchague njia ipi?

GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kukagulia msimbo, inakupa tatu: komiti ya muunganiko, kukunja zote kuwa moja, au ribesi.

Kukunja kunafaa kwa kazi ndogo ya jambo moja. Timu nyingi wamekufanya ndiyo sheria ya kila kitu kwa sababu kunawaondolea adha ya kufundishana, na hapo sikubaliani nao. Kazi ya wiki mbili ikikunjwa inakuwa komiti moja ya mistari 1,800. `git bisect` itakufikisha pale kwa ufanisi mkubwa na kukuacha umesimama mbele ya ukuta. Vilevile, mwenzako aliyeanzisha tawi la pili juu ya tawi lako la kwanza atapata migongano ya ajabu, kwa kuwa Git haijui kwamba komiti ile mpya ni zilezile alizonazo. Aandike `git rebase --onto main tawi-la-kwanza tawi-la-pili` na atapona.

Ribesi inaacha mstari mmoja ulionyooka, unapendeza kutazama, lakini mipaka inafutika. Huoni tena kwamba komiti hizi saba zilikuja pamoja kama kazi moja.

Ninachopendekeza ni kusafisha tawi kwanza, kulifanyia ribesi juu ya tawi kuu, kisha kuunganisha kwa `git merge --no-ff`. Unapata komiti safi ndani na muunganiko unaozikusanya nje. Anayetaka muhtasari anaandika `git log --first-parent` na kuona kazi moja moja bila undani wake. Anayetaka undani anaingia. Tangu Git 2.29 ya mwaka 2020, hata `git bisect` inakubali `--first-parent`. Hapa wale wa Fossil walikuwa sahihi kabisa: sehemu kubwa ya vurugu inaisha kwa kubadili namna ya kuangalia.

Na kazi nzima ikileta balaa, `git revert -m 1` inaiondoa yote kwa mara moja. Ila kumbuka, ukitaka kuirudisha baadaye, kuunganisha tawi lile tena hakutarudisha kitu, maana Git inajua lilishaunganishwa. Unatengua ule utenguzi wenyewe kwanza.

## Nimesukuma ufunguo wa siri. Je, hapa historia iandikwe upya?

Ufunguo ubadilishwe kwanza, kabla ya kugusa Git. Ufunguo wa huduma ya malipo ya simu ukikaa kwenye hifadhi ya msimbo iliyo wazi kwa umma hata dakika chache, uhesabu umeibwa. Kuna roboti zinazosoma hifadhi za wazi mchana na usiku kutafuta vitu hivyo. Ukishaubatilisha, ule wa zamani ndani ya historia ni maandishi tu, na mara nyingi hakuna haja ya kuandika upya chochote.

Hali inabadilika kama kilichoingia ni taarifa za watu: nakala za vitambulisho, namba za simu za wateja, majibu ya vipimo vya hospitali. Hivyo havibadilishwi kama ufunguo. Hapo andika upya bila kusita, kwa `git filter-repo`, ambayo nyaraka za Git zenyewe zinaipendekeza badala ya `filter-branch` ya zamani. Tangaza siku na saa, kila mtu asukume kazi yake kabla, kisha wote wafute nakala zao na kuchukua mpya. Mmoja akibaki na ya zamani na kuiunganisha, uchafu wote unarudi.

## Komiti ya kupanga msimbo upya imeharibu `git blame`. Tuiondoe?

Hapana. `git blame` inaonyesha kila mstari uliguswa mara ya mwisho na komiti ipi, na komiti ya kupanga tu inaweza kurukwa. Andika hashi yake kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Uwezo huu upo tangu Git 2.23 ya Agosti 2019.

## Na mtu akibadili jina au barua pepe?

Faili la `.mailmap` linatosha. Git itaonyesha jina jipya kwenye `git shortlog` na `git blame`, hashi zote zikibaki vilevile.

## Ni kitu gani kisipotee hata tukisafisha?

Sababu. Pamoja na njia ulizojaribu zikashindikana.

Niliwahi kurithi mfumo wa malipo wenye mstari mmoja uliokuwa ukinikera, `sleep(2)`, kabla ya kuuliza hali ya muamala. `git blame` ikanipeleka kwenye komiti yenye ujumbe "rekebisha malipo". Nikauondoa mstari ule, kwa kuwa ulimchelewesha kila mteja sekunde mbili. Siku ya tatu wateja wakaanza kulalamika kwamba wametozwa mara mbili. Mtoa huduma alikuwa anachelewa kidogo kuuandika muamala. Sisi tukiuliza mapema tunajibiwa haupo, tunatuma tena. Aliyeuandika mstari ule alilijua hili lote, na alikwisha kuondoka kazini. Nilipourudisha mstari ule niliandika hivi:

```
Subiri sekunde 2 kabla ya kuuliza hali ya muamala

Muamala uliopokelewa sekunde hiyohiyo hujibiwa
"haupo". Tukiamini jibu hilo tunatuma tena na
mteja anatozwa mara mbili.

Nimejaribu kuuliza mara tatu mfululizo bila
kusubiri: zote hurudi "haupo". Usiondoe mpaka
tuanze kupokea arifa kutoka kwao moja kwa moja.
```

Majaribio yangu matatu hayamo kwenye historia kama komiti. Niliyakunja. Lakini nilichojifunza kutoka kwao kimo, mahali ambapo `git blame` itampeleka mtu mwingine atakayekerwa na mstari uleule. Ukikunja komiti na kuutupa ujumbe wake pamoja na maarifa yaliyomo, wale wanaopinga kusafisha wanakuwa wameshinda hoja.

## Ujumbe tuandike kwa Kiswahili?

Kama wote wanaosoma hifadhi hiyo ni Waswahili, ndiyo. Nimeona mtu anayeandika "fix bug" kwa Kiingereza akaandika aya tatu nzuri aliporuhusiwa kutumia lugha anayofikiria nayo. Programu huria zenye wachangiaji wa kila nchi, tumia lugha yao.

## Hifadhi yetu ina miaka kumi ya vurugu. Tuisafishe yote?

Msiisafishe. Kila hashi iliyotajwa kwenye tiketi, kwenye nyaraka, kwenye ujumbe wa komiti nyingine itakuwa haielekei popote. Linux wanaandika mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za hashi ya komiti iliyoleta kosa. Hebu fikiria maelfu ya mistari hiyo ikifa kwa siku moja. Anzeni utaratibu mpya leo, na cha zamani kibaki.

Torvalds alipoihamishia Linux kwenye Git Aprili 2005, hakuingiza historia ya nyuma ingawa ilikuwepo. Alianza na toleo la 2.6.12-rc2 kama lilivyo, komiti 1da177e4c3f4. Hadi leo ukifuata `git blame` kwenye mistari ya zamani ya Linux, safari inaishia pale. Wengine waliijenga historia ya nyuma kwenye hifadhi za pembeni, na anayeihitaji anaivuta na kuishona kwenye mashine yake kwa `git replace --graft`. Upande wa pili, hakuna hashi hata moja iliyobadilika.